Vitobwe

Kofia moja ina vitobwe sijui vingapi.
Nilianza kuhesabu mwaka nilioolewa,
nikafika mia nne na arubaini,
mtoto akalia,
nikaacha.

Adhana ya Jadida ndiyo saa yangu.
Muadhini hajui kuwa anamwamsha
na Mkristo mmoja hapa Wete, nyuma ya tanuri la mkate,
anayekaa ukingoni mwa kitanda, sakafu baridi,
akipapasa miwani, halafu Kitabu.
Ukurasa mmoja tu. Ukiwa mgumu, nusu.
Zamani nilijiahidi sura tano kila siku.
Nikazisoma siku tatu,
ya nne nikaona haya hata kukitazama,
kikakaa kabatini mpaka Kwaresima,
kikatoka na harufu ya dawa ya nondo.

Uzi ndio ulionifunza.
Kofia haishonwi kwa hamaki.
Ukivuta sana, bafta hukunjamana,
ukilegeza, kitobwe hufumba jicho.
Unashona kitobwe, halafu kitobwe,
na mwezi mzima hakuna ua lolote,
matundu tu, kama nguo iliyoliwa na mende.
Mgeni angeuliza, Blandina, unaharibu nini?

Miaka sita nimeomba upole.
Juzi bombani, maji yametoka baada ya siku mbili,
Time binti Haji akatanguliza ndoo yake mbele ya yangu,
na ulimi ukatoka kabla yangu mie.
Niliyoyasema siyaandiki.
Watu waligeuka. Kitoto kikacheka.
Nilirudi na ndoo imejaa pomoni,
mtupu nilikuwa mimi.

Usiku ule sala haikuja.
Nikatoa kofia mkobani, nikaisogeza taani,
nikaona mstari wa tatu, majani manne yamekwenda upande:
kosa la wiki iliyopita, siku niliyoshona
huku nikipiga hesabu ya deni la duka.
Kofia ikishakaa kichwani, nani angeliona?
Nikachukua wembe. Nikafumua.
Kufumua kuna kazi kuliko kushona,
uzi hukatikakatika,
matundu hubaki yakikutazama.
Nikajisikia nasema, bila kupanga,
Bwana, nifumue na mie,
ila taratibu,
usikate kitambaa.

Asubuhi nikapika shelisheli la nazi,
nikafunika bakuli, nikavuka njia.
Hotuba sikuwa nayo.
Time, jana nilikukosea.
Akasema, Ingia bwana, jua linachoma.
Tukala. Akaulizia kofia, safari hii ni ya nani?
Ya mtu wa Ole, nikamwambia, anaitaka kabla ya Idi.
Akapiga kofi paja lake:
Mkristo anashona, Mwislamu anavaa,
Mungu anatazama kilichomo kichwani!
Tulicheka mpaka chai ikapoa.
Ndoo hatukuitaja tena, yake wala yangu.

Jumapili tuko kumi na mmoja kanisani,
kumi na wawili Gaudensi akikosa zamu hospitali.
Katekista alihubiri juu ya kukua.
Alitaja mti, kama kawaida, na mizizi yake.
Mimi nilikuwa naangalia kidole changu cha kati,
pale ncha ilipoota sugu, ngumu kama kokwa ya zambarau.
Sindano haipachomi tena.
Ilianza lini? Nilitafuta siku yake, sikuipata.
Hakuna siku. Kulikuwa na vitobwe.

Nikaogopa kidogo, nasema kweli.
Maana mkono ukizoea, hata sala huweza kuzoea,
ikatoka kinywani huku roho imelala.
Basi nikaomba hapo hapo, kwenye benchi la tatu,
kidole kiwe na sugu, kinatosha,
moyo uendelee kuchomeka.

Kesho ni ule ukurasa mgumu.
Nitasoma nusu.
Halafu bafta, halafu uzi,
halafu yale majani manne, upya,
na nikisikia maji yametoka
nitamgongea Time dirishani
tuchukuane.